Pampu moja kubwa haitoshi kwa tangi la maji ya chumvi

Kuna ujumbe unaozunguka kwa miaka kwenye magrupu ya wafugaji wa samaki wa mapambo: tangi kubwa la maji ya chumvi linahitaji pampu moja tu, mradi boksi limeandikwa lita nyingi kwa saa. Si kweli.

Namba ile hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji. Ikiyasukuma juu mita moja au mbili, kupitia kona za mabomba, kiasi hupungua sana. Pima mwenyewe: kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la kurudishia maji tangini kutoka kwenye chujio. Ikijaa kwa sekunde 18, unapata lita 2,000 kwa saa, hata kama boksi linasema 4,000.

Watu huchanganya kazi mbili: kurudisha maji yaliyochujwa na kuyazungusha ndani ya tangi. Mkondo mmoja mkali huumiza matumbawe yaliyo mbele yake, huku uchafu ukituama nyuma ya mawe. Afadhali pampu ndogo mbili au tatu zinazotazama pande tofauti, moja ikitikisa uso wa maji, maana oksijeni huingilia hapo. Dondosha chembe za chakula uone zinakotuama.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma apime kwa ndoo kwanza.