Mradi unaozingatia migogoro: maana yake na unavyofanyika kijijini

Kuzingatia migogoro katika kazi ya misaada na maendeleo ni kuujua ugomvi uliopo mahali kabla ya kupeleka chochote, kupima kile unachopeleka kitaugusaje ugomvi huo, kisha kuubadili mradi wenyewe kulingana na ulichokiona. Hili la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi. Ripoti ya uchambuzi huandikwa ikasainiwa, halafu kisima kikachimbwa palepale palipopangwa tangu mwanzo.

Si lazima pawe na vita. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, mapigano yapo tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Mtwara, kilishambuliwa. Lakini ugomvi ambao mradi hukutana nao kila siku Mtwara na Lindi ni wa kawaida zaidi: mpaka wa shamba kati ya koo mbili, mkulima na mfugaji, wanachama na viongozi wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao), kijiji mama na kijiji kilichomegwa kutoka kwake, wenyeji na waliohamia.

Dhana hii ilipata nguvu miaka ya 1990. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, kambi za wakimbizi za Goma zilishikwa na viongozi na wanamgambo walewale walioua. Wao ndio waliosimamia mgawo wa chakula, na mgawo ukawa kamba ya kuwafungia watu. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka Novemba mwaka huohuo. Mchumi wa Marekani, Mary Anderson, na wenzake walikusanya mifano kutoka nchi nyingi wakaonyesha njia ambazo msaada hupitia ukazidisha uhasama: huibwa, huvuruga bei sokoni, hugawiwa kwa upande mmoja, humwondolea mwenye madaraka mzigo akabaki na fedha za mambo mengine, na humpa uzito mtu yule unayemtumia kama mlango wa kuingilia. Vijijini kwetu madhara makubwa hutokana na mgawo na huo uzito anaopewa mtu. Wizi unaonekana na unashtakiwa. Orodha ya walengwa iliyopendelea haishtakiwi kirahisi.

Chukua miche ya mikorosho. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti kama 28, hivyo mradi unaoipa kaya miche 28 huhesabu kuwa umeipa ekari moja ya kipato. Kijijini mambo husomwa kwa namna nyingine. Mti wa kudumu ni dai la ardhi. Aliyeazimwa shamba hulima mihogo, mbaazi, ufuta au choroko. Mkorosho hapandi, kwa kuwa unaishi miongo kadhaa, na aliyeupanda atasema ni wake. Sasa mlengwa aliyeingia kwenye orodha kwa umaskini mara nyingi ni maskini kwa sababu hana ardhi. Anapewa miche, anaipanda kwenye shamba la kuazima. Mwenye shamba ataing'oa, au atachukua shamba lake pamoja na miche. Akinyamaza, kesi itakuja miaka miwili au mitatu baadaye, mikorosho ya kubebesha (iliyounganishwa) ikianza kuzaa. Kuna na jambo la ukoo: kwa desturi ya Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama. Mume aliyehamia kwa wakwe akipanda mikorosho kwenye ardhi ya mkewe, wajomba watauliza miti hiyo itarithiwa na nani.

Kurekebisha hili hakuhitaji fedha nyingi. Kabla jina halijaingia kwenye orodha, fika shambani na mhusika, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande nne. Uliza shamba ni la nani, limeazimwa kwa masharti gani, na nani anaweza kulidai. Mwenye shamba akikubali miti ipandwe, andikeni makubaliano ya nani ataokota korosho na kwa miaka mingapi, yashuhudiwe na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Asipokubali, mlengwa apewe mbegu bora ya ufuta. Ufuta huvunwa ndani ya miezi mitatu au minne na hauachi dai lolote ardhini. Mradi uliokwisha kununua miche yote kabla ya hatua hii hauna tena cha kubadilisha, ndiyo maana uchambuzi hutangulia manunuzi.

Maji nayo yana hesabu yake. Wafugaji wengi walifika Lindi baada ya kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu kuanzia mwaka 2006, na tangu hapo malisho na maji vimekuwa chanzo cha ugomvi Kilwa, Liwale na Nachingwea. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilipanga kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku: jumla lita 6,250. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa lita 40 hivi. Kundi la ng'ombe 200 litamaliza lita 8,000, yaani zaidi ya maji ya kituo kizima. Pampu ya mkono ikiwekwa njiani kwa mifugo bila birika la pembeni, kina mama watapanga ndoo usiku, na kabla mwezi haujaisha mtu atakuwa amekatwa panga.

Jibu la haraka ni kuchimba visima viwili, cha watu na cha mifugo. Kiufundi ni sahihi, ila kuwe na tahadhari: ukitenga maji na kila upande ukawa na kamati yake, umeondoa mahali pa mwisho ambapo walilazimika kuzungumza. Tenganisha mabirika, unganisha kamati ya maji. Wafugaji wawe na wajumbe wenye kura, na njia ya mifugo ichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu, msimu wa mazao usije ukaifunga.

Vitu vinavyowaunganisha watu hutafutwa kwa bidii ileile ya kutafuta vinavyowagawa: utani, ndoa, mnada, msikiti, timu ya mpira, barabara ambayo wote wanaihitaji. Mradi hupita humo.

Mwenendo wa watumishi nao hugawa. Gari likilala kila safari kwa mwenyekiti, mradi umeshakuwa wake. Mkutano ukiitwa Ijumaa saa saba mchana, wengi wako msikitini. Vibarua wakichaguliwa na mtu mmoja, waliokosa watamchukia yeye na mradi pamoja. Na ahadi hukumbukwa. Vurugu za gesi Mtwara, Januari na Mei 2013, zilizoacha vifo na majengo yaliyochomwa, zilitokana na watu kuona kwamba ajira na viwanda walivyovitarajia vinaondoka na bomba kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo usitaje idadi ya ajira ambayo mkandarasi hajaisaini.

Taarifa hukusanywa makundi yakiwa mbalimbali: wanawake peke yao, vijana peke yao, wafugaji kwenye maboma yao na mkalimani wa Kisukuma au Kibarabaigi pale inapobidi. Kwenye mkutano wa hadhara kila mtu atakuambia kijiji kina amani. Orodha ya walengwa ibandikwe pamoja na vigezo vyake kwa siku 14 kabla ya kuthibitishwa, na malalamiko yapokelewe na mtu asiyeitengeneza orodha hiyo.

Uchambuzi hurudiwa pale mambo yanapobadilika: salfa, dawa ya mikorosho, inapogawiwa kuanzia Mei, kiangazi mifugo inaposhuka mabondeni, minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba. Mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, kama 2024, ugawaji wa vitu usogezwe hadi viongozi wapya waapishwe, na ratiba hiyo iandikwe kwenye mkataba na mfadhili tangu siku ya kwanza.