Kwa nini seli shina za damu huikimbia oksijeni?

Kila sekunde, uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2, na kazi ya chembe hizo ni kusambaza oksijeni. Ajabu ni kwamba seli shina zinazozizaa hujificha ndani ya mifupa, mahali penye oksijeni haba, na muda mwingi zimelala.

Zinajikinga. Seli inapochoma chakula kupata nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka molekuli kali zinazoshambulia mafuta, protini na hata DNA. Mwili una vimeng'enya vya kuzituliza, lakini zikivizidi nguvu hutokea kinachoitwa msongo wa oksidisho. Seli ya ngozi ikifa, jirani yake hushika nafasi. Seli shina ikifa, ukoo mzima wa damu hukatika.

Hatari hii huonekana wazi katika anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi ulioelezwa mwaka 1927 na Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi, baada ya kuuona kwa ndugu watatu. Jeni za kurekebisha DNA zina kasoro, hivyo jeraha ambalo wengine hulitibu kimyakimya hubaki wazi. Mwaka 1981 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba kromosomu za wagonjwa hawa huvunjika zaidi kadiri seli zinavyopewa oksijeni nyingi. Kisha mwaka 2015 ikabainika kwamba panya wenye kasoro hiyo, seli shina zao zikiamshwa tena na tena kana kwamba kuna maambukizi, uboho wao hufa kabisa. Kuamka ni kupumua kwa kasi, na kupumua kwa kasi huumiza DNA.

Je, vidonge vya vitamini vya kutuliza zile molekuli kali za oksijeni vingesaidia? Japani, mwaka 2004, dawa ya kupunguza molekuli hizo ilirudishia uwezo seli shina za panya waliokosa ATM, jeni inayosaidia seli kushughulikia majeraha ya DNA. Hao ni panya, na tena oksijeni si mkosaji pekee: aldehidi, yaani kemikali kali zikiwemo zile zinazotokana na pombe, nazo huvuruga DNA. Mgonjwa asiache hospitali kwa ajili ya vidonge.

Tiba ya kurudisha damu ni kupandikiza seli shina, kwa dozi ndogo za dawa na mionzi za kumwandaa mgonjwa, maana seli za mgonjwa hazistahimili dozi za kawaida. Upandikizaji wa kwanza duniani wa damu ya kitovu, uliofanywa Paris mwaka 1988 na Eliane Gluckman, ulikuwa wa mtoto mwenye ugonjwa huu. Damu ilitoka kwa dada yake mchanga, na mtoto akapona.