Bei ya Mtandaoni Si Bei ya Mwisho Bagamoyo

Wengi wanaopanga mapumziko Bagamoyo huamini kwamba bei waliyoiona kwenye tovuti ya kuweka nafasi ndiyo ya chini kabisa. Si kweli. Tovuti hizo hukata kamisheni kwa kila chumba, mara nyingi zaidi ya asilimia 10, na anayeibeba ni mwenye hoteli. Ukimpigia moja kwa moja, ana nafasi ya kukupunguzia, au walau kukuongezea kifungua kinywa. Itumie bei ya tovuti kama kipimo tu, kisha piga simu uulize bei ya Mtanzania. Usione haya hata kidogo, mapatano ni sehemu ya biashara.

Siku nayo ina uzito. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, kwa hiyo wikiendi na sikukuu watu humiminika. Nenda Jumanne au Jumatano. Masika, Machi hadi Mei, vyumba vingi hubaki wazi, ila mvua hunyesha kwelikweli: ulizia kwanza barabara ya kuingilia hotelini.

Kwenye magofu ya Kaole, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho.