Vitamini C haiui H. pylori

Wengi wanaotibiwa vidonda vya tumbo huongeza vitamini C wakiamini inamaliza bakteria wa H. pylori. Haiwamalizi. Kazi hiyo ni ya antibiotiki, zikisaidiwa na omeprazo ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Tafiti za kuongeza vitamini C zimetoa majibu yanayopingana.

Balaa liko kwenye multivitamini zenye chuma, zinki au kalsiamu. Kama dawa zako zina tetrasaiklini (mojawapo ya antibiotiki hizo), madini hayo hujishika nayo tumboni, isifyonzwe vizuri (maziwa nayo vivyo hivyo). Na kwa kuwa tetrasaiklini humezwa mara 4 kwa siku, kupishanisha saa ni kazi. Heri uahirishe multivitamini mpaka dozi iishe. Chuma ulichoandikiwa na daktari usikiache bila kumuuliza.

Kuona kama bakteria wameisha, kipimo cha kinyesi kirudiwe wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki, omeprazo ikiwa imesimamishwa wiki 2.