Je, wajua? Kiota cha mate ya ndege hupangiwaje daraja na bei?

Kilo moja ya viota vyeupe vilivyosafishwa imewahi kufika dola 2,000 za Marekani, na vile vyekundu vya mapangoni vimewahi kutajiwa bei ya hadi dola 10,000. Kitu chenyewe ni mate ya ndege yaliyokauka. Hakina ladha ya kutajika: mpishi wa Kichina hukichemsha taratibu kwa mvuke, akatia sukari ya mawe, kunazi zilizokaushwa au mchuzi wa kuku ili mlaji apate cha kuonja. Sasa, kama si ladha, mnunuzi anapima nini anapokigeuzageuza mkononi na kusema hiki ni cha daraja la kwanza, kile weka kando?

Anapima mambo mawili: kazi ya mikono iliyoingia ndani yake, na uwezekano kwamba anadanganywa. Ukiyashika hayo mawili, karibu kila kanuni ya soko hili inaeleweka.

Tuanze na ndege mwenyewe. Ni teleka mdogo wa Asia ya Kusini-Mashariki, na jina lake la kisayansi ni Aerodramus fuciphagus. Msimu wa kuzaa ukifika, tezi zilizo chini ya ulimi wake huvimba na kutoa ute mzito. Ndege, mara nyingi dume, huning'inia kwenye mwamba na kuchora uzi wa mate kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, safu juu ya safu, kwa muda wa siku 35 hivi. Kazi hii huifanya gizani ndani ya pango, akijiongoza kwa sauti za kugonga-gonga zinazomrudia kama mwangwi. Mate yakipata hewa hukauka na kuwa magumu, na mwishowe panabaki nusu bakuli iliyoshikamana na ukuta, ya kutosha mayai mawili.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jamaa zake. Teleka wanaokaa kwenye minazi na mivumo ya pwani nao hutumia mate, ila kama gundi tu: huyatumia kubandika manyoya chini ya kuti, na hata mayai huyabandika yasianguke upepo unapolitikisa. Yule wa Asia amejenga nyumba nzima kwa gundi hiyo, ndiyo maana kiota chake kinalika na cha huku hakiliki.

Yuko pia ndugu yake wa karibu, Aerodramus maximus, anayechanganya mate na manyoya yake mwenyewe hadi kiota kinakuwa cheusi. Hapo ndipo mgawanyo wa kwanza kabisa hufanywa, kabla hata mzani haujatolewa: cheupe au cheusi. Cha huyu wa pili kina chakula kilekile ndani, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni manyoya. Mnunuzi wa kiota cheusi analipia kitu ambacho atakitupa, tena baada ya kulipa watu wa kukinyonyoa.

Zamani viota vilitoka mapangoni tu. Kwenye pango la Gomantong huko Sabah, Malaysia, wavunaji hadi leo hupanda ngazi za henzirani na kamba hadi kwenye dari, kwa misimu miwili inayosimamiwa na idara ya wanyamapori: mara ya kwanza kabla ndege hawajataga, mara ya pili makinda yakisharuka. Lakini viota vingi vinavyouzwa sasa hutoka kwenye majengo. Indonesia, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko nchi zote, imejaa nyumba ndefu za zege zisizo na madirisha, zenye matundu machache tu ya ndege kuingilia, na spika zinazopiga milio ya teleka ili kuwaita. Ndani ni giza, joto na unyevu, na juu zimepangwa mbao zenye mifereji midogo ambapo ndege huanzia kujenga.

Nyumba hizi zenyewe zinakuonyesha jinsi soko linavyofikiri. Mbao mbili zikikutana, hutokea kona, na ndege huipenda kona kwa sababu ina kuta mbili za kushikilia. Kiota cha kona hutoka na umbo la pembetatu, na bei yake huwa chini ya kile cha nusu bakuli. Kwa hiyo wenye nyumba huziba kona kwa vipande vya mbao au plastiki, ili ndege alazimike kujenga kwenye ubao ulionyooka. Mate ni yaleyale na ndege ni yuleyule. Anayebadilishwa ni ndege ili aendane na umbo ambalo mnunuzi wa Hong Kong atalilipia.

Sasa tuingie kwenye meza ya kuchambulia. Kiota kibichi, yaani ambacho hakijasafishwa, kina rangi ya pembe za ndovu iliyofifia, chepesi kiasi kwamba kilo moja hubeba viota mia na zaidi. Ubavu wake wa nje ni laini na una mistari myembamba kama iliyofumwa. Ndani kuna wavu wa nyuzi zilizosokotana, na humo ndimo manyoya hunasa. Ncha zake mbili, zile zilizoshika ubao, ni nene na ngumu, nazo huitwa miguu. Mchambuaji hukiinua kwenye taa. Mwanga unapaswa kupenya kwa ukungu, bila kung'aa kama plastiki. Kisha huweka vidole vyake juu ya ubavu: upana wa vidole viwili, vitatu, au vinne. Vidole vitatu kwenda juu ndiyo saizi inayotafutwa. Baada ya hapo huangalia manyoya, kwa makundi matatu yanayojulikana katika biashara hii: manyoya machache, ya wastani, na mengi.

Kundi la manyoya ndilo lenye uzito kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu kazi ya kuyaondoa bado hufanywa zaidi kwa mikono ya binadamu. Kiota hulowekwa kidogo hadi nyuzi zilegee, kisha mfanyakazi, mara nyingi mwanamke, huketi chini ya taa kali akiwa na kibano chenye ncha nyembamba na kuchomoa unyoya mmoja mmoja. Manyoya makubwa hutoka upesi. Kinachokula siku ni vile vinyoya vya malaika, vidogo kama kope, vilivyolala katikati ya nyuzi. Fundi mzoefu humaliza viota kama kumi hivi kwa siku. Ndiyo maana kiota kibichi chenye manyoya machache kina bei kubwa kuliko chenye mengi: tofauti hiyo ni mshahara ambao mnunuzi hatalazimika kuulipa.

Kuna tatizo lingine. Ukiloweka sana ili manyoya yatoke, kiota hufumuka na kupoteza umbo. Wasafishaji hukusanya nyuzi hizo, wakazipanga upya kwenye kalibu ya umbo la bakuli na kuzikausha kwa feni. Kiota cha namna hiyo kinaweza kuonekana kizuri kuliko cha asili, cheupe na sawasawa, lakini mjuzi hukitambua kwa nyuzi zake zilizokaa ovyo, na hukipa bei ya chini kuliko kile kilichosafishwa kwa maji machache na kubaki na mfumo wake. Kwa maoni yangu hapa ndipo ustadi halisi wa mpanga madaraja ulipo. Uzuri wa haraka unashushwa bei, na kazi ya subira inapandishwa.

Baada ya kiota kizima cha nusu bakuli na kile cha kona huja vipande vilivyovunjika, halafu miguu iliyokatwa, halafu nyuzi za kusombasomba. Hivi vya mwisho huishia kwenye viwanda vya vinywaji vya chupa, ambako hakuna atakayeuliza umbo. Ukivipima maabara, protini ni ileile. Lakini viota vingi hununuliwa kuwa zawadi: kwa wakwe, kwa mama mjamzito, kwa mkubwa wa kazini wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Zawadi ikifunguliwa kwenye sanduku, bakuli zima linaheshimisha na vipande haviheshimishi. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanaijua hesabu hii vizuri kwa mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki huyo, ambapo bondo kubwa moja lina bei ya juu kwa kilo kuliko madogo mengi ya uzito uleule. Na si ajabu, maana mabondo na viota huuzwa kwenye mtaa mmoja, katika maduka ya vyakula vikavu vya Sheung Wan, Hong Kong.

Tumebakiwa na viota vyekundu, na habari yao ndiyo inayofundisha zaidi kuliko yote.

Kwa vizazi vingi kiota chekundu kilikaa kileleni mwa bei. Wauzaji walieleza kwamba ndege aliyeibiwa kiota mara ya kwanza na ya pili huishiwa mate, na mara ya tatu hutema damu. Maelezo hayo yalikuwa na huruma na hofu ndani yake, na watu wakalipa mara nyingi zaidi ya bei ya cheupe. Halafu mwaka 2011 wakaguzi wa mkoa wa Zhejiang, China, walipima viota vyekundu vilivyokuwa sokoni na kukuta nitraiti, chumvi ya naitrojeni yenye madhara ikizidi, kwa kiwango cha kutisha. China ikafunga mlango kwa viota vya Malaysia, na bei ikaporomoka upesi kiasi kwamba watu waliokopa ili kujenga nyumba za teleka walijikuta na ghala la kitu kisichouzika. Biashara iliporudishwa kwa makubaliano ya kuanzia 2012, kiwango cha juu cha nitraiti kiliwekwa kuwa miligramu 30 kwa kilo.

Nitraiti ilitoka wapi? Sakafu ya pango, na hata ya nyumba isiyosafishwa, hufunikwa na kinyesi cha ndege. Bakteria hukivunjavunja, na mvuke unaopanda una kemikali za naitrojeni. Mwaka 2018 watafiti Eric Shim na Soo-Ying Lee wa Singapore walionyesha kwamba mvuke huo hugusana na protini ya kiota na kuibadilisha rangi, kutoka nyeupe hadi njano, hadi nyekundu. Hakuna damu. Kiota kilichokaa muda mrefu juu ya kinyesi, kwenye joto na unyevu, ndicho kilichokuwa kikiuzwa ghali kuliko vyote. Wako pia waliokifupisha kipindi cha kungoja kwa kuviweka makusudi viota vyeupe juu ya kinyesi hadi vigeuke.

Tangu hapo rangi imebadilika maana kwenye meza ya kuchambulia. Nyekundu, ambayo zamani ilipandisha daraja, sasa huleta maswali na cheti cha maabara. Nyeupe kupita kiasi nayo inatia shaka, kwa sababu wapo wanaopausha kwa haidrojeni peroksaidi. Rangi inayoaminika ni ile ya krimu isiyolingana, yenye sehemu zilizokolea kidogo huku na nyeupe kidogo kule.

Udanganyifu mwingine ni wa uzito. Gundi ya mti iitwayo karaya, uyoga mweupe, mwani mwekundu, ute wa yai: vyote vimekutwa vimepakwa au kuchanganywa kwenye viota, na mwaka 2005 Massimo Marcone wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alichapisha njia za kuvitambua. Maabara hutegemea sana asidi ya sialiki, aina ya sukari iliyomo kwenye mate, ambayo ni takriban asilimia 9 ya kiota halisi. Kikitiwa gundi, kiwango hicho hushuka. Asiye na maabara hukiloweka kimoja. Cha kweli huvimba mara kadhaa, nyuzi zake huachana zikiwa na uimara, maji hayachafuki kwa rangi, na harufu inayotoka ni kama ya ute wa yai.

Lakini kidanganyio cha kawaida kuliko vyote ni maji. Kiota hufyonza unyevu wa hewani, na baadhi ya wavunaji hukipulizia maji wakati wa kukibandua ili kisipasuke. Kilo ya dola 2,000 ikiongezwa asilimia 5 ya unyevu, mnunuzi ametoa dola 100 kwa maji. Mnunuzi mkongwe hukivunja kipande na kusikiliza: kikavu hulia kwa mlio mkali, chenye unyevu hupinda kwanza.

Kwa anayenunua ili auze tena, yote haya humrudia mlangoni. Kusafirisha ndiyo hatari ya kwanza: bakuli likipasuka njiani linakuwa vipande, na limeshuka daraja bila kupoteza hata gramu. Ukilikausha mno kukwepa unyevu, ndivyo linavyokatika kirahisi. Ukiliacha na unyevu, linaota ukungu. Viota vikikaa ghalani kwa muda mrefu hugeuka njano, na mnunuzi mpya hawezi kujua kwa macho kama njano hiyo ni ya umri au ya kinyesi, kwa hiyo hulipa kana kwamba ni ya kinyesi. Vilivyoingia China kihalali lazima viwe vimepashwa joto la nyuzi 70 kwa sekunde 3.5 dhidi ya homa ya ndege, navyo hubeba alama ya msimbo unaoonyesha nyumba au pango vilikotoka. Alama hiyo hukaa kwenye kifungashio. Sanduku likishafunguliwa na viota kuhamishiwa kwenye chombo kingine, hata viwe vya vidole vinne na visivyo na unyoya mmoja, havina tena ushahidi wa asili yao, na muuzaji wa pili huanza upya kubishana bei kwa taa, kwa vidole na kwa bakuli la maji.