Kuupima Ufukwe wa Msimbati Upepo wa Kusi Unapotulia

Kila mwaka upepo wa kusi unapotulia, watu wa Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara kusini mwa Tanzania, huniuliza swali lilelile: bahari imekula kiasi gani safari hii? Macho hayawezi kulijibu, kwa kuwa kila mmoja wetu anaukumbuka ufukwe wake. Ndiyo maana ninashirikiana na wavuvi na akina mama wanaojitolea kuupima, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Vifaa vyetu ni miti miwili iliyonyooka ya mita 1.5, iliyochorwa mistari ya sentimita, pamoja na kamba ya urefu huohuo. Njia hii ilielezwa mwaka 1961 na mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery, nayo inafaa sana mahali ambapo upeo wa bahari unaonekana bila kizuizi. Mtu mmoja husimamisha mti wake upande wa nchi kavu na mwenzake upande wa maji, kamba ikiwa imenyooka katikati yao. Wa nyuma hushusha jicho mpaka ncha ya mti wa mbele ilingane na mstari wa upeo, kisha husoma jicho lake limekata wapi kwenye mti wake mwenyewe, akihesabu kutoka juu. "Kumi na nne!" mama mmoja hutamka kwa sauti, kijana mwenye daftari huirudia kabla ya kuiandika, na miti husogezwa hatua nyingine kuelekea majini. Mchanga umeshuka sentimita 14 katika mita hiyo moja na nusu.

Kazi yote inategemea alama ya kuanzia. Hapo mwanzo niliwaelekeza waanzie kwenye mnazi mmoja ulioonekana imara. Mawimbi yaliuchimba mizizi hadi ukaanguka, na vipimo vyote vya mstari ule vikakosa pa kushikia. Siku hizi tunachimbia nguzo ya zege mbali na maji, na tunapima wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, pale yanapokupwa kabisa, ambapo kwa pwani yetu ni mnamo saa nne au saa tano asubuhi.

Mchanga unaotoweka haupotei wote. Mawimbi ya kusi hupiga pwani kwa mshazari na kuusukuma kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi unaposhika zamu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, sehemu yake hurudishwa. Mwingine hulala chini ya maji karibu na ufukwe, ukarejea taratibu bahari inapotulia. Dhoruba kubwa, mfano wa kimbunga Hidaya cha Mei 2024, zinaweza kuchukua kwa siku moja kilichojengwa kwa miezi mingi. Ukiona utando wa mchanga mweusi juu ya ule mweupe, ujue chembe nyepesi zimeondoka na zile nzito zimebaki.

Wapimaji hukutana pia na viota vya kasa vilivyofichuliwa pale kingo ya mchanga inapokatika kama ukuta. Hapo nasisitiza sana: yai lisigeuzwe. Kijusi hujishikiza kwenye ganda mapema baada ya yai kutagwa, na kuligeuza kunaweza kukiua. Aliyeliona afunike mayai kwa mchanga mbichi, aweke alama, kisha awaite askari wa hifadhi.

Kwa maoni yangu, kijiji kinachofikiria kujenga ukuta wa mawe kwa kuangalia vipimo vya Septemba peke yake, kusi inapotulia, kinaharakisha mno. Ukuta huzuia mchanga wa nyuma yake usishuke kuulisha ufukwe, na mara nyingi mawimbi hukata zaidi pale unapoishia. Mistari ileile ipimwe tena mwezi Machi, kutoka nguzo zilezile, ndipo wazee wa kijiji wakae na daftari zote mbili mezani.