Vali ya aota isipofunguka: kuupunguzia moyo mzigo wakati wa ECMO

ECMO, mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili, ikiwa ya vena hadi ateri huvipa ahueni karibu viungo vyote isipokuwa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Damu hunyonywa kutoka atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, kwa kanula (mrija) iliyopitishwa vena ya paja, hutiwa oksijeni, kisha hurudishwa kwa ateri ya paja na kuipanda aota, ateri kuu itokayo moyoni, kinyumenyume. Lita 3 au 4 kwa dakika zinazopanda hivyo ndizo zinazolinda ubongo na figo, na ndizo hizohizo moyo uliochoka unapaswa kuzishinda ili vali ya aota, mlango wa damu kutoka ventrikali hiyo, ifunguke.

Isipofunguka, msidhani ventrikali imekaa tupu. Inaingia damu iliyoikwepa kanula ikapita mapafuni, inaingia ya mishipa ya bronkasi, na ya vijishipa vya Thebesius vinavyomwaga ndani ya moyo wenyewe. Ni kidogo kidogo, ila haina pa kutokea. Ventrikali inatanuka, ukuta wake unadai oksijeni zaidi, huku mishipa midogo ya tabaka la ndani ikibanwa. Presha inarudi nyuma hadi mapafu yanajaa maji. Damu iliyotuama nayo huanza kuganda, hata mgonjwa akiwa anapewa heparini, dawa ya kuzuia kuganda.

Dalili ya mapema iko kwenye skrini. Tofauti ya presha ya juu na ya chini ikishuka chini ya milimita 10 za zebaki, vali inafunguka kwa shida. Wimbi likiwa bapa kabisa, pengine haifunguki. Hapo leta ultrasaundi ya moyo. Tazama kama vali inafunguka kila pigo, kama ventrikali imekua kuliko jana, na kama ndani yake kuna kivuli kama moshi unaozunguka taratibu. Moshi huo hutangulia donge. Ukingoja makohozi ya waridi yenye povu, umechelewa.

Hapa ndipo hufanyika kosa la kawaida: mapafu yakijaa maji, oksijeni mwilini inashuka, na mtu anaongeza mtiririko wa mashine. Mzigo juu ya ventrikali unazidi na maji yanaongezeka. Hatua ya kwanza kwangu ni kinyume chake. Punguza mtiririko kwa lita 0.2 hadi 0.5 kila mara, mradi presha ya wastani ibaki karibu milimita 65 za zebaki, lakteti (asidi inayoonyesha tishu zinakosa oksijeni) isipande, na oksijeni ya damu ya vena isishuke chini ya asilimia 65 hivi. Mtiririko wa chini sana nao huleta kuganda ndani ya mashine, kwa hiyo kuna kikomo. Punguza noradrenalini, dawa inayobana mishipa, kama presha inaruhusu, ongeza kidogo dobutamini, dawa inayochochea moyo kusukuma, toa maji mwilini, na kwenye mashine ya kupumulia weka presha ya mwisho wa pumzi (PEEP) karibu sentimita 10 za maji. Dobutamini nyingi ni kumchapa punda aliyeanguka.

Vali ikikataa bado, ndipo vifaa vinaingia. Puto la aota, linalojaa na kunywea kufuata mapigo ya moyo, ni rahisi kuweka, lakini hutegemea moyo wenye nguvu kiasi na haliwekwi kama vali ya aota inavuja sana. Impella, pampu ndogo inayopitishwa kwenye vali ya aota, hunyonya damu ndani ya ventrikali na kuitoa juu ya vali. Mdomo wake unatakiwa kukaa takriban sentimita 3.5 chini ya vali. Ikisogea hupasua chembe nyekundu za damu, na mkojo hubadilika rangi. Donge ndani ya ventrikali au vali bandia ya chuma kwenye aota huizuia. Njia nyingine ni kutoboa ukuta kati ya atiria mbili, au kanula ya upasuaji kwenye ncha ya moyo.

Je, kila mgonjwa apunguziwe mzigo kwa njia hizi mapema? Jaribio la EARLY-UNLOAD la Korea Kusini, lililochapishwa 2023, lilitoboa mapema ukuta kati ya atiria kwa kundi moja, na vifo vya siku 30 havikupungua. Ndiyo maana napendelea kukagua kwa karibu na kuchukua hatua dalili zinapoanza.

Impella ikifanya kazi vizuri, au moyo wenyewe ukiamka, damu inayokwenda kichwani inatoka kwenye mapafu ya mgonjwa, wala si kwenye mashine. Mapafu yakiwa mabovu, miguu itakuwa na damu nyekundu safi huku ubongo ukikosa oksijeni. Sampuli ya gesi za damu itolewe mkono wa kulia; ya pajani itawadanganya.